Sakafu ya Kadi

Mwalimu hakupenda vimetameta. Ukimpelekea kadi iliyonyunyiziwa ile chenga inayong'aa, aliishika kwa ncha za vidole, akatoka nayo mlangoni, akaipuliza na kuikung'uta mpaka chenga yote ikawaangukia kuku uani, kisha akakurudishia. "Haya, sasa tutazame kama humu kuna kadi," anasema. Mara nyingi haikuwemo. Nimewaona watu wazima, wenye familia na mashamba, wakitoka kwake Mhezi, juu mlimani, na kadi wamezikunja mfukoni, na ukiwasemesha njiani hawajibu.

Tangu azikwe, kila ninayekutana naye ananiambia jinsi Mwalimu alivyokuwa mwanamke mpole. Upole alikuwa nao, na nitausema hapa hapa bila kumpunja, lakini anayemwita mpole hajawahi kukata karatasi mbele yake. Mimi nimekata mbele yake kwa miaka zaidi ya ishirini. Alinifundisha stadi za kazi nikiwa darasa la tano, na alipostaafu akaendelea kunifundisha bila kuniuliza kama bado nataka.

Kazi yake ilikuwa kadi. Kadi za Krismasi, za Pasaka, za Idi, za pongezi, za kipaimara, na kuliko zote kadi za pole. Picha alizitengeneza kwa maganda makavu ya mgomba, yale yanayoning'inia kwenye shina, mengine ya kahawia, mengine meusi, mengine yenye rangi ya maziwa yaliyopoa. Aliyalowesha, akayanyoosha, akayakata kwa wembe na kuyabandika kwenye karatasi nyeupe ya manila: mwanamke na kikapu, nyumba na moshi wake, ndege wawili juu ya bua la mhindi. Wanawake wake hawakuwa na nyuso, na bado ulijua yupi amechoka na yupi amenuna. Hilo sijaliweza hadi leo na sidhani kama nitaliweza.

Wembe wake aliuweka ndani ya Biblia, umefungwa kipande cha kanga, kwenye kitabu cha Hesabu, kwa sababu alisema huko hata wachungaji hawafungui mara kwa mara. Karatasi aliinunua kwa kuinusa. Mimi nauza kwenye duka la steshenari mjini Same, karibu na soko, ninapiga fotokopi na kufunga vitabu, na siku akishuka kutoka mlimani mwajiri wangu alikuwa anajifanya ana kazi stoo. Mwalimu alifungua rimu mbele ya wateja, akazamisha pua, akatoa hukumu. "Hii imelala na sabuni." Au: "Hii imelowa ikakauka, mnatuuzia maiti." Mwajiri wangu alimwogopa kuliko watu wa mapato.

Ndani ya kadi aliandika mwenyewe. Hapo ndipo watu walipomjia kutoka mbali, wauguzi wa Gonja, wakulima wa tangawizi wa Mamba, hata wafanyabiashara Waislamu wa kule chini barabarani wakati wa Idi. Mtu anamweleza habari ya msiba wake robo saa nzima, Mwalimu anasikiliza huku anamenya maharage, kisha anaandika mstari mmoja na mtu analia hapo hapo kwenye kigoda. Siku hizi kila asubuhi naletewa maua kwenye simu, maua na jua linalochomoza na maneno ya kunitakia siku njema, kutoka kwa watu ambao hawajui hata kama nimeamka. Sijui niyaweke wapi. Kadi ya Mwalimu ulijua pa kuiweka.

Sasa upole wake. Mama yangu alipofariki ilikuwa masika, na barabara ya kutoka Mhezi ilikuwa imekatika kwa tope. Mwalimu alishuka kwa miguu hadi magari yalipokuwa yamesimama, na umri ule. Aliingia kwetu, huku chini, na mahindi na maharage kichwani, viatu mkononi, akaenda moja kwa moja jikoni, na kwa siku saba waombolezaji walikula makande yaliyopikwa na yeye. Hakuniambia neno la kunifariji hata moja. Alipoondoka nikakuta kadi kwenye kitanda cha mama: kigoda kitupu, na ndani, "Huzuni isikae hapa." Kwa ajili ya kadi ile nilimvumilia mambo mengi. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Alikuwa anaweza kukupenda na kukushtaki katika wiki moja. Yeye na jirani yake walikuwa na kesi ya mpaka wa shamba tangu sijui lini. Jirani akafiwa na mke. Mwalimu akampelekea kadi nzuri kuliko zote alizotengeneza mwaka ule, akakaa msibani siku zote, akamfulia jirani mashuka. Jumatatu iliyofuata akawa wa kwanza kufika baraza la kata na karatasi zake za mpaka chini ya kwapa. Watu wanatutania kwamba Mpare hasahau kesi. Kwa Mwalimu hawakutania, walieleza tu, na nikijitazama mimi mwenyewe ninavyoandika haya, nadhani nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Na alichukia kuiga. Darasani kwetu msichana mmoja aliwahi kusuka mkeka kwa mtindo wa mwenzake na kuuleta kama ubunifu wake. Mwalimu alitusimamisha darasa zima mpaka kengele ya kwenda nyumbani. "Kuiga ruhusa," alisema, "ila useme umemwiga nani. Usiposema, umeiba, na bora ungeiba mahindi maana mahindi yanaota tena." Yule msichana alisema huku analia. Nilimwonea huruma, lakini moyoni nilimkubali Mwalimu kabisa. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nikaamini kuwa dunia ina mtu mmoja wa haki na anakaa Mhezi.

Nifike kwenye sakafu.

Sakafu ni neno lake Mwalimu. Ule uwanja ulio nyuma ya picha kwenye kadi, mahali picha inaposimama, yeye aliuita sakafu, na kwa miaka yote sakafu yake ilikuwa nyeupe. Mimi nilikuwa naona wale wanawake wake wamesimama hewani. Nilimwambia mara moja tu. Alinijibu kwamba nyeupe ndiyo heshima na mimi nitafute kazi ya kupaka nyumba.

Nikatafuta, ila si nyumba. Kwenye chumba changu cha kupanga Same nilianza kujaribu. Nilipika uji mzito wa unga wa muhogo, nikachukua udongo mwekundu nyuma ya nyumba, nikauchekecha kwa mtandio wa zamani hadi ukawa laini kama unga wa ngano, nikachanganya na kupaka kwenye manila. Ulipokauka ulipasuka na kubanduka vipande vipande. Nikatia mafuta ya kula kidogo, karatasi ikatoka na madoa kama ya mfuko wa maandazi. Nikatia gundi nyeupe ya maseremala, vijiko viwili, na hapo ukashika na ukakunjika bila kupasuka. Lakini ulikuwa mwekundu tu, mtupu. Nilichora mistari kwa chanuo. Nikaona shamba lililolimwa na trekta bovu.

Mama mwenye nyumba wangu, mjane wa Kiislamu ambaye familia yake imefanya biashara mjini pale tangu enzi za babu zake, alikuwa ananitazama kila jioni nikiharibu karatasi. "Mwanangu, hiyo ni kazi au ni ugonjwa?" aliniuliza. Ndiye aliyenunua tangawizi mbichi kutoka Mamba, imekuja na majani yake, akayatupa uani. Niliokota moja, refu na jembamba, nikalilaza juu ya rangi ikiwa bado mbichi, nikalikandamiza kwa kiganja na kulinyanyua. Mishipa ya jani iliacha mistari myeupe myembamba, imelala upande mmoja, kama mvua tunavyoiona kutoka Same inaposhuka milimani na sisi huku chini hatupati tone. Nilikaa chini. Mama mwenye nyumba akachuchumaa karibu yangu, akaangalia, akasema, "Sasa hiyo ni kazi."

Kulikuwa na jambo moja gumu, na jambo hili ndilo lililotuharibia yote: kukauka. Uji wa muhogo ni gundi. Ukiuona mkavu kwa nje, ndani unaweza kuwa mbichi, na ukizipanga kadi zikiwa hivyo zinashikana. Kwa kidole hutajua. Mimi nilikuwa naiweka kadi shavuni, na ikiwa ya baridi bado ina maji. Kwa jua na upepo wa Same ilichukua siku mbili. Nilijaribu pia Mhezi, likizo moja, nikashindwa kabisa. Kule ukungu unaingia ndani ya nyumba kama mtu wa nyumbani. Shavuni kila kitu ni baridi, kadi, ukuta, hata mto wa kulalia. Kadi zile za Mhezi zilikaa wiki mbili na hazikukauka, nikazitupa bila kumwambia mtu.

Nilizipeleka zile nzuri kwa Mwalimu, sita, zimefungwa kwenye kitambaa. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi yangu, na nilizifungua moja moja kama mtoto anayekaguliwa daftari. Alizinusa. Alizigeuza kwenye mwanga wa mlango. Alipitisha ukucha kwenye mistari ya jani.

"Umepaka tope," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Na majani ya tangawizi."

"Naona." Akaziweka chini ya kigoda alichokalia, akanipa viazi vya kupeleka Same, na mazungumzo yakaishia kwenye bei ya nauli.

Baada ya kama miezi miwili alinipigia simu. Nimtengenezee sakafu ishirini za tope, nimpe dereva wa gari la Mhezi. Nilifurahi kiasi kwamba nilimkumbatia mama mwenye nyumba. Nikatengeneza, nikapeleka, naye akazitia wanawake wake juu, na nikiri, zilikuwa kadi nzuri kuliko zake za zamani na kuliko zangu zote. Wale wanawake walikuwa wamepata pa kusimama, na mvua juu yao. Akaagiza nyingine, na nyingine tena.

Kisha kikundi cha akina mama wa Mamba kikamwalika awafundishe. Aliniambia niende naye nibebe beseni. Nikabeba. Wanawake kama thelathini wamekaa kwenye mabenchi, Mwalimu amesimama mbele yao na jani la tangawizi mkononi, akawaeleza jinsi alivyoligundua. Alikuwa anapita shambani, alisema, mvua imekwisha, akaona jani limeanguka kwenye tope njiani. Akaliinua, akaona chapa yake. "Nikajiambia, hii ni sakafu." Alieleza rangi ya lile tope. Alieleza mbuzi aliyekuwa amefungwa karibu. Alieleza vizuri mno hata mimi, niliyeshika beseni la uji niliopika kwa mikono yangu, nikaanza kumwona yule mbuzi.

Wakampigia makofi, na mimi pia nikapiga.

Mama mwenye nyumba nilipomsimulia alikasirika kuliko mimi. "Ni kazi yako, na wewe unaibeba kama umeiiba! Huna mdomo?" Mdomo ninao, lakini anayeuliza hivyo hajui kulelewa na Mwalimu. Ningesimama vipi mbele ya wanawake thelathini niseme mwalimu wangu, aliyempikia mama yangu msiba, anadanganya? Nani angenisikiliza baada ya hapo, na kwa uso gani? Kwetu mkubwa hakosolewi mbele ya wageni. Unasubiri wageni waondoke. Na Mwalimu alikuwa na wageni kila siku.

Ilinichukua karibu mwaka kumpata peke yake. Nilimwambia nikiwa nimeinama, nikijifanya nachagua maganda ya mgomba. "Mwalimu, naomba jambo dogo. Siku moja tu, mbele ya watu, useme kwamba ile sakafu ni ya kwangu."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliniangalia kama ananionea huruma. "Wewe ni mkono wangu, binti," alisema. "Umewahi kuona mkono unajitangaza?"

Nilishuka Same siku ile na nikasusa. Sikuaga kazi, sikugombana, niliacha tu. Dereva akija kuchukua sakafu namwambia bado. Akija tena, bado. Mwalimu naye hakuuliza kwa nini, kwa kuwa kuuliza kungekuwa kukiri kwamba zinatoka kwangu.

Ndipo ukaja mwaka wa kipaimara kikubwa pale kwao, vijana wengi kwa pamoja, na usharika ukamwomba Mwalimu kadi moja kwa kila kijana, zenye njiwa, na sakafu ile ile ya mvua ambayo sasa kila mtu aliijua kuwa ya Mwalimu. Zilibaki wiki mbili. Hakuniagiza. Alipika uji mwenyewe, akapaka mwenyewe, kule kule Mhezi, mwezi wa ukungu mkubwa.

Jioni moja akanipigia simu. Akanisalimia, akauliza habari za mama mwenye nyumba, habari za duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Halafu akauliza, "Huko Same kuna jua?"

Nilielewa hapo hapo. Nilimjua Mwalimu miaka yote ile, na hiyo nikaitambua kuwa sauti yake ya kuomba, maana niliisikia siku hiyo tu na haikufanana na nyingine yoyote. Alikuwa ana kadi ambazo hazikauki. Alitaka nimwambie, Mwalimu, zitie kwenye gari nizianike huku. Ama angalau nimwambie, usizipange, zitashikana. Lilikuwa neno moja.

"Lipo," nikasema.

"Sawa, binti. Mungu akubariki."

Nikaweka simu mezani na nikajisikia vizuri. Sitadanganya kuhusu hilo. Nilijisikia vizuri sana, na nikala chakula changu chote.

Kwenye kipaimara nilikuwepo, kwa sababu mtoto wa dada yangu alikuwa mmoja wao. Baada ya ibada mzee wa kanisa akafungua boksi la kadi mbele, vijana wamejipanga na suti zao na magauni meupe. Akachukua ya kwanza ikaja na ya pili. Akajaribu kuzitenganisha kwa kucha, kadi moja ikachanika, na njiwa wa kadi hii akabaki mgongoni mwa ile. Zote zilikuwa hivyo, zimeshikana kama chapati zilizofunikwa zikiwa za moto, zina madoa meusi ya ukungu, na zinanuka. Mzee akaendelea kubandua kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Watoto wengine walianza kucheka. Mama mmoja nyuma yangu alisema taratibu, "Jamani, aibu gani hii."

Mwalimu alisimama kwenye benchi lake. Sijui nilitegemea nini. Alirekebisha kitenge begani na kusema kwa sauti yake ya darasani:

"Wapendwa, mnisamehe. Sakafu za kadi hizi ni kazi ya msichana wangu wa Same. Nilimwamini."

Kanisa zima likageuka. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, nimevaa gauni nililoshonesha kwa ajili ya siku ile, na nikawa msichana wa Mwalimu aliyeharibu kipaimara. Mtoto wa dada yangu aliniangalia kwa macho ambayo siyasahau. Hiyo ndiyo siku pekee katika maisha yake Mwalimu aliyosema mbele ya watu kwamba sakafu ile ni yangu, na ilikuwa siku ambayo haikuwa yangu.

Sikukana. Nilikuwa ninajua kuhusu jua.

Baada ya hapo hatukuonana kwa miaka sita. Nilifunga mambo ya kadi. Mama mwenye nyumba alikuwa ananiletea majani ya tangawizi na mimi nawapa mbuzi wa jirani. Mwalimu aliendelea na kadi nyeupe, nilisikia, akisema kwamba ile ya tope ilimchosha. Nilimchukia. Nilikuwa nafunga vitabu vya watu dukani huku nagombana naye kichwani, nampa maneno yake na kuyajibu, na nashinda kila mara.

Halafu nikasikia macho yake yameisha, kisukari, na kwamba ameshushwa Gonja akae kwa mpwa wake ili awe karibu na matibabu. Nilienda. Watu waliniambia nimefanya vizuri kusamehe. Sikwenda kusamehe, nilikwenda kudai. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwenye gari kutoka Same mpaka Gonja, matatu, kwa mfuatano, kama mtu anayekwenda baraza la kata.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, amekonda, kitenge kimemzidi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akainua kidevu. "Ni wewe. Umechelewa."

Mpwa wake alituwekea chupa ya chai na vikombe, akaenda dukani. Tukabaki wawili, hakuna mgeni. Niliyasema yote matatu. Kwamba sakafu ile niliitengeneza mimi na yeye alijua. Kwamba pale Mamba alinichukulia mbele ya macho yangu. Kwamba kanisani alinivisha aibu isiyo yangu. Sauti yangu ilikuwa inapanda na sikuizuia. Alisikiliza hadi mwisho, mikono imelala mapajani, haishiki kitu. Sikuwahi kuiona mikono ile bila kitu.

"Ningesema ni yako, ungeondoka," alisema.

"Niliondoka, Mwalimu."

"Uliondoka na hasira. Mwenye hasira anarudi, si umerudi? Ungeondoka na sifa nisingekuona tena." Akavuta kitenge. "Nilikuwa na wewe tu."

Nilikaa nikitazama njia. Nilitaka kulia na nilitaka kumtikisa mabega, yote mawili, na sikufanya hata moja.

"Na siku ile," akasema, "nilikuuliza habari ya jua."

"Uliniuliza."

"Ukasema lipo."

"Lilikuwepo."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anakubaliana na hesabu ya mwanafunzi. Nikafikiri, basi, neno la sakafu tumelifikisha mwisho, sasa amelikiri na mimi nimelisikia, na siku moja atalisema mbele ya watu.

Watu wenyewe wakaja. Wanawake watatu wa usharika wa pale, wamemletea ndizi na uji, wakatoa heri na pole zao, wakakaa. Mmoja akaniuliza mimi ni nani. Kabla sijafungua mdomo Mwalimu akajibu, uso umechangamka kama wa zamani.

"Huyu ni mwanafunzi wangu. Ametoka Same kuja kunitazama."

"Ooh! Basi na wewe unatengeneza kadi kama za Mwalimu?" yule mama akaniuliza. "Nyumbani ninayo moja, ile yenye mvua. Nimeiwekea kioo. Ile alikufundisha Mwalimu?"

Shingo ya Mwalimu ilikuwa imeelekea pale nilipokaa, macho yale yasiyoona yakiwa wazi kabisa, na akasubiri, na sikujua anasubiri nini kati ya mawili, nimfichue au nimfiche. Angeweza kusema yeye. Nilimpa muda. Nilihesabu pumzi zake tatu, nne. Hakusema.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alinifundisha Mwalimu."

"Hata ile ya mvua?"

"Hata ile."

Mwalimu akashusha pumzi na kuegemea kiti chake. "Mnasikia," akawaambia wageni. Kisha akanyoosha kikombe upande wangu nimwongezee chai.